Mtu akianguka ghafla na kuacha kupumua, pikipiki ingoje kwanza

Mpakani_Kabisa (mtoa mada), Busia

Wazee kwa vijana, hamjambo. Uzi huu nimeuahirisha wiki 3. Leo nauandika hivyo hivyo, maana usingizi wenyewe haunijii vizuri.

Jumamosi moja tulikuwa kibandani tunaangalia mpira, upande wetu wa Uganda, karibu na maegesho ya matrela. Watu kama 80, joto, mabenchi yamebanana. Kipindi cha pili kimeanza tu, mzee mmoja aliyekaa mbele yangu, fundi baiskeli tunayemfahamu wote, akainuka kama anayetaka kutoka nje, akaanguka kifudifudi. Hakusema neno. Hakushika kifua kama tunavyoona kwenye filamu.

Tulichofanya nitakisema kama kilivyokuwa. Mtu akapiga kelele "kifafa!", nusu ya watu wakarudi nyuma. Mmoja akaleta kijiko amtie mdomoni. Mwingine akammwagia maji baridi. Mwingine akavua kiatu akamnusisha. Mzee alikuwa anakoroma: mkoromo mmoja, kimya, halafu mwingine. Tukasema afadhali, anapumua. Tukamwita kijana wa bodaboda wa steji, tukampakia mzee katikati, dereva mbele, mimi nyuma nimemkumbatia, kichwa chake kinagonga bega langu kila shimo. Tulipofika kituo cha afya zilikuwa zimepita dakika 13. Nazijua kwa sababu nilimpigia mwanawe mara tu mzee alipoanguka, na simu yangu imeweka saa. Nesi akamwangalia, kisha akaniuliza swali moja tu: "Kuna aliyemkandamiza kifua?"

Hakuna. Watu 80, mikono 160.

Na tulishaona inavyofanywa, hilo ndilo linaloniuma. Mnamkumbuka Eriksen, yule kiungo wa Denmark? Tarehe 12 Juni 2021, Copenhagen, Denmark na Finland, kabla ya mapumziko. (Mwaka ule vibanda vilikuwa vimefungwa kwa ajili ya korona, tuliangalia majumbani.) Alianguka peke yake, hakuna aliyemgusa. Nahodha wao Kjær akamkimbilia, wenzake wakasimama duara kumstiri, madaktari wakamkandamiza kifua palepale kwenye nyasi na kumshtua moyo kwa mashine ya umeme, mara moja tu. Hawakumbeba mbiombio kwenda nje ya uwanja. Februari 2022 alikuwa anacheza tena, Brentford ya Uingereza. Sisi tuliona duara na machozi, zile dakika za mikono hatukuzitilia maanani.

Tangu siku ile nimekuwa nikisoma na kuuliza. Kuna mambo mawili tunayachanganya. Shambulio la moyo ni mshipa unaolisha moyo kuziba: mtu anaumwa kifua, anatoka jasho, lakini anaongea na moyo wake unapiga. Huyo wahisha hospitali. Moyo kusimama ni habari nyingine. Pampu imeacha kusukuma, damu haiendi, mtu anazimika ndani ya sekunde chache. Shambulio linaweza kufikisha huko, na vilevile umeme, kuzama majini, au kasoro ya moyo ambayo mtu hakujua anayo. Kila dakika inayopita bila kukandamizwa kifua, nafasi yake ya kupona inapungua kwa asilimia 7 hadi 10, na ubongo unaanza kuharibika baada ya dakika 4 hivi. Sasa chukueni dakika zetu 13 mpige hesabu wenyewe.

Hao Wadenmarki nao hawakuzaliwa wakijua. Mwaka 2001, kati ya watu 5 walioanguka hivyo, mmoja tu ndiye aliyepata raia wa kumkandamiza kifua kabla ambulensi haijafika. Mwaka 2005 wakaliweka somo hilo shuleni, na 2006 anayetaka leseni ya udereva akalazimika kujifunza huduma ya kwanza. Kufikia 2010 ilikuwa karibu nusu. Waliokuwa hai siku 30 baadaye walipanda kutoka chini ya 4 katika kila 100 hadi karibu 11. Mtaona kwamba hata huko ni 11 tu. Simdanganyi mtu.

Ila nawaza, bodaboda zenyewe zilianzia mipakani huku kwetu, kwa baiskeli. Kijana wa steji ndiye anayefika kwanza kwenye kila ajali. Kwa nini yeye hajui?

Steji_Namba_Mbili

Pole sana mkuu. Mimi ni boda, Namuwongo, na nimebeba watu wa namna hiyo si mara moja. Mnatupigia kelele "kimbia!", tunakimbia. Ukimweka katikati kichwa kinalegea, unakisikia mgongoni kwako. Kuna mmoja nilijua amekwisha tukiwa bado kwenye jamu, lakini ndugu yake nyuma alikuwa anaongea naye, nikanyamaza. Naweka kambi kwenye uzi huu.

Nesi_Zamu_ya_Usiku, Tororo

Mtoa mada, pole, na usijibebeshe yote. Ule mkoromo umewadanganya wengi, hata wanafunzi wetu wodini. Ni pumzi za kukata roho. Karibu watu 4 kati ya 10 ambao moyo umesimama ghafla huwa nazo mwanzoni. Hewa ya maana haiingii. Wengine hukakamaa na kutetemeka kwa sekunde kadhaa damu inapokatika kichwani, ndipo watu wanasema kifafa.

Kwa hiyo msiulize "anapumua?" Ulizeni "anapumua kama mtu aliyelala?" Mtikise mabega, mwite kwa nguvu. Hajibu, na pumzi si ya kawaida, anza. Usihangaike kutafuta mapigo shingoni, hata sisi wenye kazi hukosea. Sekunde 10 zinatosha kuamua. Mwenye kifafa, mtetemeko ukiisha, hupumua, tena kwa nguvu. Huyo mlaze ubavu. Na kijiko kirudi jikoni, kwa huyu na kwa yule.

Namna yenyewe: alale chali kwenye kitu kigumu, ardhi au sakafu, maana godoro linameza nguvu zako. Piga magoti ubavuni kwake. Kitako cha kiganja kikae katikati ya kifua, kwenye mfupa, nusu yake ya chini. Mkono wa pili juu ya wa kwanza. Nyoosha viwiko, mabega yako yawe juu ya mikono, tumia uzito wa mwili kuliko misuli. Shuka sentimita 5, usizidi 6. Simamisha kiberiti cha kawaida mezani, ndiyo kimo hicho. Kisha achia kifua kirudi juu kabisa, maana ni wakati huo moyo unajaa damu. Watu wengi hushindwa hapo: wanabonyeza vizuri, hawaachii. Kasi ni mara 100 hadi 120 kwa dakika. Mmewahi kuona wanawake wawili wanatwanga kinu kimoja kwa kupokezana? Mlio wa michi miwili, kasi ile.

Mkiwa wengi pokezaneni kila dakika 2. Ukichoka unakandamiza juujuu na hujijui.

Mbavu zinaweza kuvunjika, hasa za wazee, na utausikia mlio. Inatisha, mimi mara ya kwanza nilitaka kuacha. Endelea. Mbavu huunga.

Habari ya kumpulizia mdomoni: mtu mzima aliyeanguka ghafla mbele yako, kama hujafundishwa, kandamiza tu bila kupuliza. Damu yake bado ina hewa ya dakika kadhaa, inachohitaji ni msukumo. Aliyefundishwa anakandamiza 30, anapuliza 2.

Mzee_Forodhani, Malaba

Binti yangu nesi, nakuheshimu, lakini mimi ni mtu wa hesabu, nimekagua mizigo miaka 31. Denmark unapiga simu, gari linakuja na mashine ndani. Hapa anakuja nani? Kutoka Busia hadi Mulago, Kampala, ilipo Taasisi ya Moyo, ni karibu kilomita 200, na bado hujaikuta jamu ya Mukono. Nikikandamiza kifua, nakandamiza namsubiri nani? Mnafundisha nusu ya dawa. Yule kijana wa boda alitumia akili kulingana na nchi aliyomo.

Steji_Namba_Mbili

Mzee amesema kitu.

Shabiki_wa_Soroti

Mzee, kuna Fabrice Muamba, kijana aliyezaliwa Zaire ya wakati ule. 17 Machi 2012, Bolton na Tottenham, kombe la FA. Alianguka uwanjani. Daktari wa moyo alikuwa jukwaani kama shabiki tu, akashuka kusaidia. Moyo wake haukupiga wenyewe kwa dakika 78. Sabini na nane! Muda wote huo ni mikono ya watu iliyokuwa inapiga badala yake. Yuko hai.

Na kuna Marc-Vivien Foé wa Cameroon, 26 Juni 2003 pale Lyon, miaka 28. Huyo hakurudi, na sisi tuliokuwa tukimpenda hatujasahau.

Mzee_Forodhani, Malaba

Umesahau kusema huyo Muamba alishtuliwa kwa mashine mara 15. Nimesoma. Nionyeshe mashine moja Malaba.

Mpakani_Kabisa (mtoa mada), Busia

Mzee, swali lako ndilo lililonichelewesha kuandika. Nesi, mjibu bila kumpaka mafuta.

Nesi_Zamu_ya_Usiku, Tororo

Najibu. Samahani nimechelewa, zamu ilikuwa nzito.

Mzee wangu, kwa sehemu kubwa uko sawa. Mara nyingi mtu mzima akianguka hivyo, moyo wake haujatulia tuli. Unatetemeka hovyo kama nyama ya mnyama aliyechinjwa sasa hivi, hausukumi kitu. Huo unatulizwa na mashine ya kushtua. Akishtuliwa ndani ya dakika 3 hadi 5, zaidi ya nusu wanaweza kupona. Mikono peke yake mara chache hurudisha mapigo ya moyo wa namna hiyo. Inachofanya ni kuulisha ubongo kidogo, na kuufanya moyo uwe bado unashtulika mashine ikipatikana.

Lakini si kila moyo umesimama kwa sababu hiyo. Aliyezama, mtoto aliyepaliwa na karanga, aliyepigwa na umeme wa zile nyaya za kuunganisha kienyeji (kwanza zima umeme, usiwe maiti ya pili). Wengine wa hawa hurudi kwa kukandamizwa na kupuliziwa tu, pasipo mashine yoyote. Na ukiwa umepiga magoti barabarani huna namna ya kujua huyu ni wa kundi gani.

Kwa mji usio na ambulensi ya karibu, mimi nawaambia watu hivi. Mmoja aanze palepale, sekunde hiyohiyo. Wa pili apige 999 au 112, halafu kituo cha afya kilicho karibu, awaambie neno "moyo umesimama" ili wajiandae. Wa tatu atafute gari la kulaza mtu, pikapu au Probox viti vimekunjwa. Likifika na hakuna msaada mwingine unaokuja, mlazeni chali, wawili wapande nyuma, waendelee njiani. Kukandamiza kwenye gari linaloruka mashimo ni kubovu na ni hatari kwa anayekandamiza, nalijua hilo, na wakubwa zangu wakiona nimeandika hivi watanigombeza. Lakini nalinganisha na boda. Mtu aliyekalishwa wima kwenye pikipiki, damu haisukumwi hata tone, na shingo iliyokunjwa inaziba hata ile hewa kidogo.

Mnaacha lini? Akiamka, akija anayejua zaidi, au nguvu zikiisha kabisa. Na wapo watakaokufa mkiwa mmefanya yote sawasawa. Wengi.

Mzee_Forodhani, Malaba

Hapo sasa umeongea na mtu mzima. Nafikiri.

Mvuvi_Majanji

Nesi nisaidie na hili. Huku ziwani aliyezama tunambeba miguu juu kichwa chini, au tunamlaza tumbo juu ya mtumbwi tunambonyeza mpaka maji yatoke. Nimefanya mwenyewe, nilifundishwa na baba.

Nesi_Zamu_ya_Usiku, Tororo

Acheni, kaka yangu, na baba alikufundisha kwa nia njema. Maji yanayotoka ni ya tumboni, na yakipanda yanaweza kuingia mapafuni. Dakika mnazotumia kumgeuza ndizo alizobakiwa nazo. Aliyezama amepungukiwa hewa, kwa hiyo huyu yeye pumzi ni lazima. Inua kidevu, bana pua, puliza uone kifua kikipanda. Pumzi 2 hadi 5 za kwanza, kisha 30 kwa 2. Watoto vilevile. Mtoto mkono mmoja unatosha, kina ni theluthi moja ya kifua chake, na kichanga vidole gumba viwili, mikono ikizunguka kifua chake.

Afande_Mstaafu, Jinja

Naona hakuna aliyegusa jambo ambalo watu wanaliogopa kuliko kifo chenyewe: kesi. "Nikimgusa akafa, polisi watasema ni mimi." Nimekuwa polisi, nawaambia. Maelezo utaandika hata ukisimama pembeni unapiga video, tena mwenye video ndiye tunayemtafuta kwanza. Fanyeni mbele ya watu. Na mmoja wenu ashike simu na pochi ya mgonjwa, azitaje kwa sauti wote wasikie, maana vijana wetu wa mjini mtu akianguka wengine huanzia mifukoni.

Hajat_Bombo

Wanaume wote mmeandika, mzee, fundi, mchezaji. Nikianguka mimi sokoni na hijabu yangu, mtanigusa kifua au mtangoja shangazi zangu watoke nyumbani?

Nesi_Zamu_ya_Usiku, Tororo

Hajat, umegusa kidonda. Hata Ulaya na Marekani imepimwa, mwanamke akianguka hadharani husaidiwa na wapita njia mara chache kuliko mwanamume. Wanaogopa kumshika kifua. Nguo haizuii kitu, kandamizeni juu yake. Inafunguliwa tu mashine ikija, na wanawake wanaweza kushika kanga kumzunguka.

Hajat_Bombo

Basi mimi ruhusa naitoa leo, mbele ya mashahidi wote wa uzi huu. Heshima yangu nitaidai nikiwa hai.

Mtu_wa_Beni, Nsambya

Mimi ni mkimbizi, natoka Beni, Kongo. Mwaka 2018 hadi 2020, wakati wa Ebola, kwetu tulifundishwa neno moja, usiguse. Nanyi Uganda mlipata Ebola yenu Mubende 2022. Ninachosoma hapa nakielewa kichwani, lakini mikono yangu inakataa kabla sijaamua. Sijui kama mko wengine.

Steji_Namba_Mbili

Tuko wengi ndugu.

Nesi_Zamu_ya_Usiku, Tororo

Siwezi kukulaumu hata kidogo. Fikiria hivi. Ebola haimchukui mtu mzima anayeshangilia mpira ikamwangusha papo hapo. Hutanguliwa na homa, udhaifu, kutapika, siku kadhaa. Aliyekuwa mzima dakika moja iliyopita, mfunike mdomo na pua kwa kitambaa, usipulizie, kandamiza, kisha nawa kwa sabuni. Kama kuna mlipuko eneo lenu na huyo mtu alikuwa na homa na anatapika, hapo waachie wenye mavazi ya kazi hiyo. Kukataa kwa mikono yako kuliwaokoa watu Beni. Usikuonee aibu.

Mpakani_Kabisa (mtoa mada), Busia

Mrejesho. Jana Jumapili tulikutana kibandani saa 8 mchana kabla ya mechi. Mwenye kibanda alitupa saa moja bure, jambo ambalo halijawahi kutokea tangu nimjue. Nesi alikuja kwa taksi kutoka Tororo, nauli tulichanga. Mwanasesere wa mazoezi hatuna, tukatumia tairi kuukuu la gari lililofunikwa gunia. Tairi linarudi juu ukiliachia, karibu kama kifua. Aliyelileta ni mtoto wa yule mzee fundi. Hakuongea sana. Alikandamiza dakika zake 2, akakaa, baadaye akarudi tena kwenye foleni.

Vijana 11 wa steji walikuja, na akina mama 4 wa chapati. Akina mama walitushinda kwa kasi, nadhani ni ule mfano wa kinu. Namba za pikapu 3 zimeandikwa ukutani kwa chokaa, juu ya ratiba ya mechi, pamoja na 999 na simu ya kituo cha afya. Mmoja wa wenye pikapu ameshauliza nani atalipa mafuta, hilo bado tunalijadili.

Mzee_Forodhani naye alifika, kutoka Malaba, na koti lake. Alipiga magoti, akahesabu kwa sauti, alipofika kama 90 akageuka akasema, "Nani ananipokea?"

Mzee_Forodhani, Malaba

Ilikuwa 112, nilihesabu mwenyewe. Na suala la ambulensi bado sijalikubali.